Kuruka kwa paraglaidi juu ya Ölüdeniz, Uturuki: weka mruko wako mwanzoni mwa safari

Mleta mada

Ndugu wadau, salaam.

Wageni wengi wanaokwenda Ölüdeniz, kusini-magharibi mwa Uturuki, hupanga ratiba kwa mtindo mmoja: siku za mwanzo ni za ufukweni, zinazofuata ni za mashua na kupiga mbizi, na mruko wa paraglaidi (bawa la kitambaa linalombeba abiria pamoja na rubani wake) kutoka Mlima Babadağ huachwa hadi siku ya mwisho kama kitindamlo cha safari. Nimeleta uzi huu kupinga mpangilio huo. Mruko unapaswa kuwekwa siku ya kwanza au ya pili baada ya kufika, na sababu zake zimo katika mlima wenyewe, katika mwenendo wa hewa ya pale, na hata katika damu ya mtu aliyetoka kupiga mbizi. Nimeruka pale nikiwa abiria wa kawaida, kwa hiyo nitajikita katika yale ambayo abiria anaweza kuyaona, kuyauliza na kuyaamua mwenyewe.

Tuanze na mlima. Babadağ uko katika wilaya ya Fethiye, mkoa wa Muğla, na kilele chake kina mita 1,969 juu ya usawa wa bahari. Milima mirefu kuliko huo imejaa duniani, lakini michache mno imeinuka hivyo kutoka majini, kilomita chache tu zikiwa zimetenganisha kilele na mawimbi. Chini yake kuna ghuba iliyojifunga nyuma ya ulimi wa mchanga uitwao Kumburnu, na nje ya ghuba hiyo kuna ufuko mrefu wa Belcekız unaotazama bahari wazi, ambako ndiko paraglaidi hutua. Eneo hilo limo ndani ya ukanda wa hifadhi ya mazingira wa Fethiye-Göcek uliotangazwa mwaka 1988, na ndiyo maana kingo za ghuba bado zimefunikwa na misonobari wakati miji mingi ya pwani ile imejengwa hoteli hadi kwenye maji.

Kinachowavuta watu ni rangi. Maji hufyonza kwanza wekundu uliomo katika mwanga wa jua. Pale yalipo na kina kifupi juu ya mchanga mweupe, mwanga unaobaki hurudi juu ukiwa wa feruzi inayong'aa, na pale sakafu ya bahari inapozama ghafla rangi hugeuka kuwa buluu nzito. Aliyesimama ufukweni anaona kipande tu cha tofauti hiyo, lakini aliye juu mita 1,000 anauona mpaka mzima, mkato mmoja kati ya rangi mbili, pamoja na mlango mwembamba ambamo bahari huingilia ghubani. Ukigeuka magharibi unakiona kisiwa cha Gemiler chenye magofu ya makanisa ya enzi za Bizanti, na upande wa kusini kuta za miamba zinaporomoka baharini kuelekea bonde la Kelebekler. Picha za mitandaoni hazidanganyi kuhusu mandhari haya, na sitapoteza muda kuyasifu zaidi.

Viwanja vya kurukia viko kwenye kimo cha takriban mita 1,200, 1,700, 1,800 na 1,900, na havielekei upande mmoja, kwa sababu paraglaidi huondoka ikiukabili upepo, na upepo wa mlimani una tabia ya kubadilika. Zamani abiria walipandishwa kwa magari kupitia barabara ya kona kali. Tangu mwaka 2021 kuna gari la waya linaloanzia Ovacık hadi mita 1,700, na juu ya hapo kuna viti vya waya vinavyofika viwanja vya juu zaidi.

Kimo hicho kina maana yake katika hesabu. Bawa linalobeba watu wawili hushuka kwa kiasi cha mita 1.2 hadi 1.5 kila sekunde katika hewa iliyotulia, kwa hiyo mtu anayeondoka mita 1,700 ana dakika 19 hadi 24 za kuwa angani hata kama hewa haimsaidii kwa lolote. Katika kila mita moja linayoshuka, bawa hilo husonga mbele takriban mita 8, na hivyo kutoka kiwanja hicho lingeweza kufika zaidi ya kilomita 13 kama upepo haupo. Ufuko uko karibu zaidi ya hapo, na ziada hiyo ndiyo inayompa rubani nafasi ya kuzunguka juu ya ghuba, kuliepuka wingu, kusubiri wenzake watue, au kubadili uamuzi. Anayekuuzia mruko wa dakika 40 anategemea hewa inayopanda. Inaweza kupatikana na inaweza kukosekana, na hakuna kosa la mtu hapo.

Sasa tuje kwenye hewa, ambayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Jua linapochomoza, mwamba na ardhi ya mteremko hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa iliyogusa mteremko huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baharini iliyo baridi zaidi huingia kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa bahari ambao kila mtu wa pwani anaufahamu: asubuhi mapema haupo au ni dhaifu, adhuhuri unashika nguvu, na jua likielekea kuzama unalegea. Ukiwa wa wastani, upepo huo ni neema kwa paraglaidi, kwa kuwa unapanda mteremko moja kwa moja na kulijaza bawa pale pale kiwanjani. Ukizidi, mambo hugeuka. Bawa la watu wawili husafiri kwa kasi ya kilomita 35 hadi 40 kwa saa ndani ya hewa, na ikiwa hewa yenyewe inasogea kwa kasi hiyo kukujia, basi ukilinganishwa na ardhi umesimama, au unarudishwa nyuma kuelekea mlimani. Nyuma ya kila ukingo, upande wa demani usiopigwa na upepo, hewa hujikunja na kuchafuka kwa namna ambayo hakuna rubani mwenye akili anayependa kuingia.

Kuna na wingu. Hewa ya baharini imebeba unyevu. Ikilazimishwa kupanda mlima hupoa, na ikifika kimo fulani unyevu huo hugeuka kuwa wingu linalokaa kileleni kama limefungwa kwa kamba. Mara nyingi kimo hicho ni kile kile cha viwanja vya kurukia. Ufukweni jua linawaka, watu wanaogelea, na mgeni haelewi kwa nini anaambiwa asubiri, ilhali juu rubani hawaoni wenzake walio mita 50 mbele yake. Kuruka ndani ya wingu hakuruhusiwi, na sababu yake iko wazi katika anga yenye msongamano kama ile: kila rubani anategemea macho yake na ya mwenzake kuepuka kugongana.

Kwa hiyo kuahirishwa kwa mruko ni jambo la kawaida pale, hata katika miezi mizuri ya Aprili hadi Oktoba. Wingu la saa nne asubuhi linaweza kuwa limeondoka saa tisa alasiri. Upepo wa leo unaweza kuzuia kila kitu hadi kesho kutwa. Mwenye siku tano mbele yake hulipokea hilo kwa utulivu na kurudi ufukweni. Mwenye ndege alfajiri ya kesho kutoka Dalaman hulipokea kama hasara. Ataanza kuuliza kama hakuna kampuni nyingine inayoruka, atatoa hoja kwamba amewaona wawili wameondoka dakika kumi zilizopita, atakubali kiwanja cha chini kabisa, atakubali saa ambayo asubuhi yake angeikataa. Nimewashuhudia abiria wakimbana rubani kwa maneno pale juu, na nimemwona rubani mmoja akikunja bawa lake kimya kimya na kuwashusha watu kwa gari la waya huku wakimlalamikia njia nzima. Yule ndiye ningependa anirushe mimi. Lakini si kila rubani ana moyo huo, hasa anapolipwa kwa idadi ya miruko, na abiria asiye na siku ya ziada humwongezea mzigo ambao haufai kuwepo kiwanjani.

Sababu ya pili inawahusu wapiga mbizi, na ajabu ni kwamba matangazo ya vifurushi vya likizo huiruka kabisa. Mtu anapopiga mbizi kwa mtungi, gesi ya naitrojeni huyeyuka katika damu na tishu zake kwa sababu ya mgandamizo wa maji. Akipanda mahali penye kanieneo ndogo ya hewa kabla gesi hiyo haijatoka, inaweza kufanya mapovu mwilini na kumletea ugonjwa wa mgandamizo, ambao huumiza viungo na katika hali mbaya hugusa mishipa ya fahamu. Mwongozo wa Divers Alert Network, unaohusu kupanda kwenye kimo cha kati ya mita 600 na 2,400, unashauri kungoja walau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza mgandamizo, na walau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au mbizi za siku mfululizo. Wengi hulikumbuka hilo kwa ajili ya ndege ya kurudi nyumbani, kisha wanasahau kwamba kiwanja cha mita 1,700 nacho ni kimo, na kwamba gari la waya humfikisha mtu huko kabla hajapata nafasi ya kutafakari. Ukiruka kwanza na kupiga mbizi baadaye, tatizo hili halipo kabisa, ilimradi uache nafasi kabla ya ndege yako.

Pendekezo langu basi ni hili: fika, lala, na asubuhi inayofuata jiandikishe kwa mruko, ukiiambia kampuni waziwazi kwamba una siku kadhaa na hujali kuahirishwa. Kauli hiyo peke yake inabadilisha mazungumzo. Karibuni kwa michango na maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeeleza vizuri suala la hewa, lakini umekwepa lile linalotuogopesha wengine. Je, kitambaa kile kinakaaje angani bila fremu yoyote? Na kikikunjika, abiria anafanya nini?

Mleta mada

Swali la haki kabisa, ndugu yangu. Bawa limeshonwa kwa tabaka mbili za kitambaa chepesi cha nailoni, juu na chini, na katikati yake kuna kuta nyingi zinazoligawa katika vyumba. Ukingo wa mbele una matundu. Bawa linaposonga, hewa huingia kwa matundu hayo na kukosa pa kutokea, na kanieneo ya ndani ndiyo inayolipa bawa umbo lake. Wazo la bawa la kitambaa linalojazwa na hewa ya mwendo lilibuniwa na Domina Jalbert nchini Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya miavuli na tiara. Mwaka 1978, huko Mieussy katika milima ya Alps ya Ufaransa, warukaji wa miavuli Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson waliondoka kwa kukimbia kwenye mteremko badala ya kuruka kutoka kwenye ndege, na mchezo huu ukaanza kuenea kutoka pale.

Kuhusu kukunjika: ndiyo, sehemu ya bawa inaweza kukunjika likipita katika hewa iliyochafuka. Mabawa ya Ulaya hupimwa kwa kiwango cha EN 926 na kupewa daraja kuanzia A hadi D, ambapo A ni la utulivu zaidi, na majaribio hayo hujumuisha kulikunja bawa kwa makusudi ili kuona kama linajifungua lenyewe na kwa haraka kiasi gani. Mabawa ya kubebea abiria kwa kawaida huwa katika daraja B, na yana uzito mkubwa juu ya kila mita ya mraba, jambo linaloyapa uimara. Abiria hafanyi lolote. Hashiki kamba wala hamshiki rubani mikono. Ikilazimu, rubani ana parashuti ya akiba. Muulize ilikunjwa upya lini, kwa sababu watengenezaji wengi hutaka ifunguliwe, ipigwe hewa na kukunjwa tena kila baada ya miezi 6 hadi 12. Akijibu bila kusita, endelea. Akicheka, ondoka.

Mchangiaji wa pili

Naomba kutofautiana na mleta mada katika jambo moja. Mimi huruka mwenyewe, nina leseni, na Babadağ nimeufikia. Uzi huu unamfanya msomaji aone adhuhuri kama adui, wakati hewa inayopanda adhuhuri ndiyo inayotupandisha juu ya kilele na kutuweka angani kwa saa nzima na zaidi. Abiria anayeruka saa moja asubuhi anapata mteremko mtulivu na dakika ishirini tu. Amesafiri umbali wote huo. Kwa nini asipewe kilicho bora?

Mleta mada

Mkuu, kwa rubani anayeruka peke yake na anayeisoma hewa, uko sahihi na sina cha kupinga. Kwa abiria wa mara ya kwanza nadhani kilicho bora ni kingine. Nguzo za hewa moto hupandisha bawa kwa kulirusha, na ukitoka kwenye nguzo unaangushwa kidogo. Ili kubaki ndani yake rubani huzunguka muda wote, akiwa amelala upande mmoja. Wewe unajua kona inayofuata kwa sababu unaifanya mwenyewe, ila abiria haijui, na tumbo lake ndilo linalogundua kwanza. Wengi wanaotapika angani hutapika katika zoezi hilo, na mtu anayepambana na kichefuchefu haioni ghuba yoyote. Kwa hiyo nasimama pale pale: abiria mgeni aruke asubuhi mapema au saa za mwisho kabla ya jua kuzama, ambapo mteremko bado unatoa joto lililohifadhiwa na hewa hupanda kwa upole. Akiipenda, arudi adhuhuri na rubani kama wewe.

Niongeze na kuhusu mizunguko ya kushuka kwa kasi. Marubani wengi wa pale hupenda kumwonjesha abiria mzunguko mkali juu ya bahari, na Ölüdeniz ni mahali panapojulikana kwa mazoezi ya sarakasi za angani kwa sababu kuna kimo kirefu na maji chini. Katika mzunguko mkali mwili huelemewa na nguvu inayofanana na kuwa na uzito wako mara tatu au zaidi, damu hushuka miguuni, na wapo wanaopoteza fahamu kwa muda. Mwambie rubani ukiwa bado ardhini kama unataka au hutaki. Kukataa si uoga, na rubani mzuri hatakuuliza mara ya pili.

Mchangiaji wa tatu

Nina uzito wa kilo 108 na kampuni moja imenikataa kwa barua pepe, nyingine imenikubali bila hata kuuliza. Nimsikilize nani?

Mleta mada

Wa kwanza angalau anajua bawa lake. Kila bawa lina kiwango cha uzito ambacho limepimwa nacho, na kiwango hicho kinahesabu kila kilicho chini ya kamba: rubani, abiria, viti, parashuti, nguo na bawa lenyewe. Kwa mabawa mengi ya watu wawili kikomo cha juu kiko karibu na kilo 220. Rubani wa kilo 75 pamoja na vifaa vya kilo 25 tayari ni kilo 100, na wewe ukiingia mnafika 208, ambayo inawezekana kwa rubani huyo na haiwezekani kwa mwenzake mnene. Anayejali atakupangia rubani mwepesi na kungoja upepo wa mbele wa kutosha, kwa kuwa uzito mkubwa hudai kukimbia kwa kasi zaidi kabla ya kuondoka ardhini. Aliyekukubali bila kuuliza hajaifanya hesabu hiyo. Mwandikie kilo zako na umwombe akutajie rubani na kikomo cha bawa. Jibu lake litakuonyesha kama anafaa. Wepesi sana nao wana hesabu yao, kwani bawa lenye mzigo mdogo huenda polepole na hushindwa mapema na upepo mkali.

Mchangiaji wa nne

Naogopa zaidi ile sehemu ya kukimbia kuelekea kwenye jabali. Magoti yangu si mazima sana. Pia naomba kujua kuhusu nguo na simu.

Mleta mada

Kiwanja si jabali, ni mteremko uliotengenezwa, na mnakimbia hatua chache tu mkielekea mahali ambapo ardhi inainama taratibu. Rubani hufunga kiti chako mbele ya chake, huinua bawa nyuma yenu, hulitazama limenyooka, kisha hukwambia kimbia. Kosa la kawaida la abiria ni kukaa mara tu anapohisi kuvutwa juu. Ukikaa mapema, uzito wenu wote unabaki kwa miguu ya rubani, na huishia kuburutwa. Endelea kupiga hatua hata kama miguu haigusi tena chini, na akisema simama, simama hapo hapo bila kujadili. Kuhusu magoti, mweleze mapema. Kunapokuwa na upepo wa mbele wa kutosha hatua mbili tatu zinatosha, na siku tulivu kabisa hudai mbio ndefu, kwa hiyo kwako wewe upepo mwanana wa saa tatu unaweza kufaa kuliko utulivu wa saa moja. Hapo narekebisha ushauri wangu wa awali kidogo.

Kabla ya hayo yote, jikague mwenyewe. Mikanda miwili ya mapaja iwe imefungwa, mkanda wa kifua umefungwa, kofia ngumu imekazwa, na vile vikabali viwili vya chuma vinavyokuunganisha na bawa viwe vimejifunga. Kusahau mikanda ya mapaja ni miongoni mwa makosa hatari kabisa katika mchezo huu, kwa kuwa mtu anaweza kuteleza nje ya kiti akiwa tayari yuko juu, na ni kosa ambalo abiria mwenye macho anaweza kulizuia.

Nguo: halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kiwanja cha mita 1,900 kina ubaridi wa nyuzi kama 12 zaidi ya ufukweni, na upepo wa mwendo unauongeza. Vaa koti jepesi lisilopitisha upepo, suruali ndefu na viatu vya kufunga kwa kamba. Ndara ziache hotelini. Simu iwe mfukoni penye zipu au imefungwa kwa kamba, kwa sababu kinachodondoka kutoka kimo kile kinawaangukia watu walioko chini. Rubani kwa kawaida hubeba kamera na huuza picha baada ya kutua, kwa malipo yaliyo nje ya bei ya mruko. Kubalianeni bei hiyo kabla ya kupanda, na mjue kama inatajwa kwa lira au kwa fedha za kigeni. Pia muulize kama ada ya kuingia mlimani na gari la waya zimo ndani ya bei. Bei zenyewe sizitaji, maana hubadilika kila msimu.

Mchangiaji wa tano

Bima ya safari niliyonunua inataja michezo. Hiyo inatosha?

Mleta mada

Huenda isitoshe, mdau. Bima nyingi za safari huiweka michezo ya angani katika orodha ya mambo yasiyolipiwa, au huilipia kwa nyongeza maalumu, na zipo zinazotofautisha kati ya anayeruka mwenyewe na abiria wa rubani mwenye leseni. Soma kifungu cha yasiyolipiwa, tafuta paraglaidi kwa jina lake, na kama hakipo omba jibu la maandishi kutoka kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Angalia pia kama wanalipia uokoaji wa mlimani na kusafirishwa kwa mgonjwa. Upande wa rubani, uliza leseni ya kubeba abiria, ambayo ni tofauti na leseni ya kuruka peke yake. Usafiri wa anga nchini Uturuki unasimamiwa na mamlaka yao ya usafiri wa anga iitwayo SHGM, na rubani anayefanya kazi kihalali haoni haya kuonyesha karatasi zake.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na majibu yako kwa abiria, na la magoti umelijibu vema. Niongeze kuhusu kutua, maana hujaligusa. Belcekız ina watu wengi, na rubani hulazimika kuingia akiukabili upepo wa bahari huku akikata kona fupi za kupunguza kimo juu ya maji na ufuko. Abiria wanapoziona kona hizo hudhani kuna tatizo na kuanza kujitikisa kitini. Watulie. Rubani atawaambia wasimame kitini au wainue miguu mbele, kutegemea aina ya kiti na upepo wa wakati huo. Wafanye lile moja waliloambiwa na wasichanganye yote mawili. Na wakati huo fimbo ya kamera iwe imeshakunjwa. Rubani anahitaji mikono yote miwili kwenye breki, na mimi nikiwa abiria ningemwambia hivyo bila aibu.

Mleta mada

Ahsante, mkuu, hilo la fimbo ya kamera nilitamani limtoke rubani mwenyewe. Kwa wanaopanga kwenda Oktoba: mwezi huo ndio hufanyika tamasha la kila mwaka la michezo ya anga pale Ölüdeniz, na anga hujaa mabawa, yakiwemo ya warukaji wa sarakasi. Ni tamasha zuri kulitazama kutoka ufukweni. Kwa mruko wako mwenyewe katika siku hizo, omba nafasi za mwanzo kabisa za asubuhi kabla umati haujapanda, na siku za ziada nilizozitaja mwanzoni ziwe nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa foleni ya gari la waya huongezeka hata pale hewa inaporuhusu.